Ugoro Chini ya Mdomo na Kidonda Kisichopona

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mwendesha bodaboda hapa Kondele, Kisumu. Pombe niliiacha zamani, lakini kwa miaka 11 nimekuwa nikiweka ugoro chini ya mdomo ili nisisinzie usiku. Sasa pana kidonda pale pale ninapouweka. Hakiniumi, ila kimekataa kupona tangu Shaabani. Je, ugoro ni haramu ilhali haulevyi? Na nikiambiwa hospitalini kuwa ni saratani, si nitakuwa nimejifedhehesha, kwa kuwa balaa nimelitafuta mwenyewe?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Ndugu yangu, naanza na kidonda kwanza, kwani hukumu hata ikingoja kesho haitakudhuru. Kidonda cha kinywani, au baka jeupe au jekundu, likipita wiki 2 bila kupona ni lazima likaangaliwe, na kutouma kusikutulize, kwa maana saratani ya kinywa mara nyingi huanza bila maumivu yoyote. Nenda wiki hii hii kwa madaktari wa meno katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji wanayoiita Russia. Wakiona haja, watakata kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara, na huenda majibu yakawa ya heri.

Ama hukumu: wanavyuoni walipoanza kuijadili tumbaku, yapata mwaka 1000 wa Hijria, walikhitilafiana, wengine wakiiharamisha, wengine wakiiona makruhu, yaani yenye kuchukiza bila kuwa haramu, na wengine wakiiruhusu, kwa kuwa madhara yake hayakuwa bado yamedhihirika. Leo yamedhihirika. Ugoro una sumu zinazosababisha saratani, nazo hupenya ngozi laini ya ndani ya mdomo pahali pamoja, siku baada ya siku. Na magadi yanayochanganywa humo huifanya nikotini iingie mwilini kwa kasi, ndiyo maana kuuacha ni kazi. Mwenyezi Mungu amesema: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (Al-Baqara 195), na Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kudhuru na kudhuriana. Kwa hiyo naona ugoro ni haramu kwa madhara yake, hata kama haulevyi. Kuber, ile tumbaku ya pakiti ya kuwekwa mdomoni, ni hivyo hivyo, na tambuu yenye popoo pia, hata isiyotiwa tumbaku, kwa kuwa popoo yenyewe imethibitika kuleta saratani. Sigara hali kadhalika, na anayevuta huku anakunywa pombe hatari yake huongezeka maradufu. Wewe pombe umeiacha. Allah akuthibitishe katika hilo.

Nimeona kwa macho yangu, bombani pale msikitini, mtu akitia kidole chini ya mdomo, akatoa donge la ugoro, akalifunga kwenye kikaratasi, akasukutua mara tatu kama ilivyo sunna, kisha baada ya swala akalirudisha lilipokuwa. Iliniuma sana. Kinywa kile kile kimetoka kusoma Al-Fatiha, na siwaki ya kukisafisha ingalimtosha.

Kuhusu fedheha, hapo sikubaliani nawe kabisa. Uliyoyafanya yana toba yake, nayo ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Kujificha na ugonjwa si sehemu ya toba hiyo. Mtume aliwaambia mabedui waliomuuliza watafute dawa, na hakuwauliza kwanza maradhi yao yametokana na nini. Daktari naye mweleze ukweli wote, kwani kutaja ugoro mbele yake si kujitangazia dhambi, na muulize pia dawa ya kukusaidia kuacha.

Ukiona haya kwenda peke yako, nitafute msikitini Jumatatu baada ya Alfajiri, twende sote.