Saa ya Tabora na saa ya Kigoma

Kaka, umeuliza kama saa ya Tabora na ya Kigoma zinaweza kugonga sita kamili kwa pamoja, na anga-wakati tambarare (anga na wakati vikichukuliwa kama kitu kimoja, kisicho na mpindo) inaingiaje hapo.

Zinaweza, ila kwanza mkubaliane "pamoja" ni nini. Utaratibu wa Einstein, 1905: Tabora wanatuma mwali wa mwanga, kioo cha Kigoma kinaurudisha. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 350, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 2.3 hivi. Tunasema mwali uligusa kioo katikati ya muda huo. Hiyo nusu kwa nusu ni makubaliano, si kipimo. Kupima kwenda peke yake kungedai saa ambazo tayari zimelinganishwa! Abiria wa treni akifanya vivyo hivyo kwa saa zake, "pamoja" yake itapishana na ya stesheni, japo kwa mwendo wa treni yetu hutaliona.

Kwenye anga-wakati tambarare, saa zilizotulia bila kusukumwa zikishalinganishwa hazipishani tena. Huku kwetu zinapishana: Tabora iko juu ya Kigoma kwa mita 400 na ushee, saa yake inatangulia nanosekunde 4 hivi kwa siku. Ila usikimbilie kusema huo ndio mpindo wa anga-wakati, maana ndani ya roketi inayoongeza kasi ungeona hivyo hivyo. Mpindo tafuta kwingine: achia jiwe Tabora na jingine Kigoma, yote yanaelekea kitovu cha dunia, kwa hiyo yanasogeleana bila kuguswa na kitu; kwenye anga-wakati tambarare yasingesogeleana.