Yaya Anajibu: "Mutoto wangu ni rap tu, nifanye nini?"

Swali

Jambo Yaya. Mi niko mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, niko na batoto 5. Wa pili iko na myaka 17, alikuwa anasoma muzuri, lakini depi mwaka jana hakuna kingine paka rap. Ekuteri mu masikio, pantalo ya kuanguka-anguka, usiku anaandika mu kaye, mi nafikiri ni devuare kumbe ni rap. Mu kanisa pasta alisema hip-hop ni muziki ya babandi, inaharibu sosiete yote. Baba yake anataka kuchoma ile kaye. Ni kweli hii muziki inaharibu batoto?

Jibu

Mama, jambo sana. Kwanza ambia baba aache ile kaye. Mutoto wa myaka 17 mwenye kukesha anaandika, hata kama ni upuzi, bazazi bengi mu huu muji bangefurahi.

Sasa tuje ku maneno ya pasta. Hip-hop haikuanzishwa na babandi. Ilianza New York, mu kartie ya Bronx, tarehe 11/8/1973, na sababu yenyewe utaipenda: binti mumoja, Cindy Campbell, alikuwa anatafuta feza ya kununua nguo za kurudia ku masomo. Akapanga fete mu sale ya jengo yao, 1520 Sedgwick Avenue, basichana balipe senti 25, bavulana 50, na kaka yake Clive, ule banaitaka DJ Kool Herc, njo alikuwa anapiga sahani za muziki. Familia ilitoka Jamaica. Ule kaka aliona bantu banacheza na nguvu zaidi pale wimbo unabakia ngoma tupu, bila mwimbaji, basi akatwaa sahani mbili za namna moja akawa anarudilia kale kapande, na rafiki yake ku mikro anaita bantu majina. Bronx ya ile wakati nyumba zilikuwa zinaungua, kazi hakuna, magenge yanapigana, na hizo fete zikapatia vijana mahali pengine pa kushindana: kwa kucheza, kwa maneno (hii njo rap), kwa kupaka rangi ku kuta.

Pale pasta iko na haki kidogo ni ku mambo ya nyuma. Miaka ya 90 makampuni ya muziki yaliona nyimbo za bunduki na za kutukana banamuke zinauzika, yakasukuma hizo. Rapa Tupac akauawa na risasi 1996, mwenzake Notorious B.I.G. 1997. Vijana betu bengi bakachukua pantalo na matusi mbele ya kuchukua akili ya kutunga, hiyo sikatai. Lakini bangi na lutuku, ile pombe kali, mama, tusidanganyane, zilikuwa Lubumbashi mbele ya rap.

Halafu banasema ni tabia ya Marekani, kijana anajisifu jina, anataja kartie yake, anachoma mwenzake na maneno. Ulizeni bakubwa Baluba juu ya kasala, mashairi yao ya sifa! Mutu anasimama ku kilio ao ku sherehe, anataja bankambo moja moja, anajisifu, anakuliza na anakuchekesha, pumzi haikatiki. Mi nikisikia batoto ba Katuba banarapu mu Swahili yetu nasikiaga ile ile damu.

Baloji naye alizaliwa hapa Lubumbashi, 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa mudogo, akaanzia ku rap mu kundi Starflam ya Liège, leo anafanya sinema, na 2023 alipata zawadi ku Cannes. Siseme wako atafika kule, bengi habafike hata ku redio.

Mi woga yangu iko ngambo ingine. Senegal, 2011, barapa ba kundi Keur Gui na baandishi wa habari banaanzisha harakati Y'en a marre ("tumechoka"), banaita vijana bajiandikishe kupiga kura, 2012 prezida Wade anashindwa ku uchaguzi. Burkina Faso, rapa Smockey na benzake ba harakati Balai Citoyen balikuwa mu barabara 2014 pale prezida Compaoré alikimbia. Hiyo njo nguvu yenyewe ya hip-hop mu sosiete, kuliko pantalo. Lakini Machi 2015 bantu ba hizo harakati mbili bakakuja Kinshasa kuonana na vijana benzao ba Congo, bakakamatwa, bakafukuzwa mu inchi. Kwa hiyo mama, ujue anaimba nini.

Umwambie akusomee wimbo mumoja, polepole, bila biti. Ukisikia matusi ya banamuke, umuulize kama ataimba ile mbele ya dada zake. Akiinamisha kichwa, afute. Umuulize tena feza ya studio anatoa wapi, hii njo swali kubwa kuliko yote. Na kama pointi za masomo zimeanguka, kaye inabakia mu kabati yako Jumatatu mpaka Ijumaa. Kuchoma hapana.

Swali

Yaya, mi ni b-boy, nachezaga breaking, ile dansi ya hip-hop, mu komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Nyumbani banasema kucheza juu ya kartoni si spor.

Jibu

Breaking ilikuwa mu Olimpiki ya Paris 2024, Ami wa Japani akashinda ku banamuke, Phil Wizard wa Kanada ku banaume. Los Angeles 2028 habakuiweka, kwa hiyo fanya haraka kubaonyesha video. Na kichwa usizungushe ku sima tupu, tafuta hata matela ya zamani, shingo yako bado utaihitaji.