Cheti cha CPR cha elfu 20 kwenye WhatsApp, kinafaa kwa kituo cha watoto?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Goba, watoto 17, mkubwa ana miaka minne, na wadada watatu wananisaidia. Nataka tupate mafunzo ya CPR (kumbonyeza kifua na kumpulizia hewa mtu ambaye moyo umesimama) na huduma ya kwanza. Kuna mtu kwenye grupu anatoa cheti cha kimataifa kwa elfu 20 kila mtu, anatuma video unaangalia masaa mawili, unajibu maswali kwenye simu, jioni cheti kinaingia kama PDF. Kinafaa? Na kama hakifai, karibu na huku niende wapi?

JIBU: Marahaba mama, ila mimi ni nesi wa kitengo cha dharura sio dokta, na Jumamosi nafundisha huduma ya kwanza, kwahiyo hili swali napigwa nalo kila wiki.

Pa kwenda kwanza. Anza na Chama cha Msalaba Mwekundu, wapo kwa sheria tangu 1962 na huduma ya kwanza ndo kazi yao, ulizia ofisi ya mkoa wa Dar wakwambie kozi inayofuata ni lini. OSHA, wale wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao wana kozi ya huduma ya kwanza mahali pa kazi. Alafu kitu ambacho watu hawakifikirii, badala ya nyie wanne kupanda daladala mpaka mjini, ongea na vituo vingine vya jirani mfike kumi na mbili kumi na tano, muombe mkufunzi aje kwenu, midoli ya kufanyia mazoezi inaingia kwenye begi na bei mnagawana. Na mwende wote wanne, sio umtume dada mmoja aje awasimulie wenzie. Kubonyeza kifua kunachosha vibaya mno, ndani ya dakika mbili mikono imeanza kudanganya, lazima awepo wa kukupokea, na kwa foleni zetu hizi sidhani kama gari la wagonjwa litakukuta ukiwa dakika ya pili.

Sasa hilo la cheti. Mama, mtu akikwambia "cha kimataifa" muulize cha taifa gani. American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani, ambao hawa wa kwenye magrupu wanapenda sana kubandika nembo yao, wana masomo ya mtandaoni kweli, lakini kadi ya BLS, yaani huduma ya msingi ya kuokoa maisha, hupati mpaka uende ubonyeze mdoli, mbele ya mkufunzi au kwenye mdoli wenye mashine inayokupima. Kadi yenyewe ni ya miaka miwili, na hata hiyo miaka miwili ni mingi, mikono inasahau ndani ya miezi michache tu.

Kubonyeza kifua kwa mtu ambaye moyo umesimama kulitangazwa 1960 na watafiti wa Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, na mwaka huohuo Asmund Laerdal, Mnorwei aliyekuwa anatengeneza midoli ya kuchezea watoto, akatoa mdoli wa kufanyia mazoezi. Mwaka uleule! Yaani toka siku ya kwanza wenyewe waliona hii kitu haiingii kwa maneno, na huwezi kujifunzia kwenye kifua cha mtu mzima anayepumua utamuumiza, leo mtu wa grupu amegundua kwamba video inatosha.

Kuna ofisi moja niliitwa kufanya mazoezi ya marudio, watu tisa, wote wana vyeti vya video na vyeti vimewekewa fremu ukutani vizuri kabisa. Nikaweka mdoli chini nikasema haya mmoja mmoja. Hamna hata mmoja aliyefika sentimita tano. Walikuwa wanapapasa kama wanabembeleza mtoto alale, alafu kaka mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "kwani huwa unasukuma kweli?" Ndio unasukuma kweli! Mtu mzima ni sentimita tano mpaka sita, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na kila ukibonyeza unaachia kifua kirudi juu chote. Video inakuonyesha mtu anabonyeza, haikwambii kifua kinakataa kiasi gani, hilo linajulikana kwenye viganja tu.

Na kwako wewe ni mbaya zaidi, maana nyingi ya hizo video ni za mtu mzima aliyeanguka ghafla, unabonyeza tu bila kupuliza. Watoto sio hivyo. Mtoto mara nyingi moyo unasimama kwa sababu hewa ilikatika kwanza, amekabwa na kipande cha ndizi, ametumbukia kwenye ndoo, kwahiyo kumpulizia hewa ni nusu ya kazi. Kina chenyewe ni theluthi ya kifua, kama sentimita nne kwa kichanga na tano kwa hawa wakubwa wako. Hivyo kabla hujalipa popote uliza: mdoli wa kichanga upo? Midoli mingapi kwa watu wangapi? Mimi mwenyewe nitabonyeza dakika ngapi? Tutafanya mazoezi ya mtoto aliyekabwa? Akianza kuzungukazunguka, funga simu.

Maana kukabwa ndo kutakufika kabla ya hayo mengine yote. Kama anakohoa kwa nguvu au analia muache akohoe. Akishindwa kutoa sauti, aliye chini ya mwaka unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, unampiga mara tano katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, unamgeuza unabonyeza kifua mara tano, unarudia. Mwenye mwaka na kuendelea ni mgongo mara tano kisha kumbana tumbo juu ya kitovu mara tano, na hii ya tumbo kichanga hafanyiwi kabisa. Na kidole msiingize kooni kutafuta kitu ambacho hamkioni, ndo kwanza mnakisukuma ndani. Nimekuandikia hapa ila usidhani sasa umejua, yaani hii meseji yangu nayo ni kama ile video tu.

Wanaonichosha zaidi lakini ni hawa "wakufunzi" wanaofundisha uongo kabisa kwa kujiamini. Wapo wanaofundisha mtoto aliyezama abanwe tumbo maji yatoke kwanza, wakati dakika anazokamuliwa ndo dakika alizotakiwa kupuliziwa hewa. Wapo wa kijiko mdomoni kwa mwenye kifafa, meno yanavunjika, ulimi haumezwi jamani, mlaze ubavu na umuondolee vitu vya kumgonga basi. Mtoto akinywa mafuta ya taa wanasema mpe maziwa atapike, na akitapika yanaingia kwenye mapafu, tunawapokea wodini wanahema kama wamekimbizwa. Kuungua ni dawa ya meno, mara asali, mara ute wa yai, mimi nabaki kusugua dawa ya meno kwenye ngozi ya mtoto anayelia wakati kilichotakiwa ni maji ya bomba yanayotiririka dakika 20 alafu hospitali. Wadada wako watatu kila mmoja ana mojawapo ya haya kichwani alilofundishwa na bibi yake, na kozi nzuri inatumia muda mwingi kuyatoa, muda ambao masaa mawili ya simu hayana.

Kuna na ile meseji ya kwamba ukipata mshtuko wa moyo ukiwa peke yako ukohoe kwa nguvu mfululizo utajiokoa. Inazunguka tangu enzi za barua pepe, sasa ina mpaka sauti ya "profesa". Mtu anayeweza kukohoa moyo wake bado unasukuma damu, hiyo sio CPR, na ile nusu saa anakohoa sebuleni alitakiwa awe njiani kuja hospitali. Watatu mlionitumia wiki hii, na mmoja ni shemeji yangu kabisa, nimewaona.