Pikipiki ya safari ndefu si pikipiki ya bodaboda

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu anayekaa nje ya mji na kufanya kazi mjini anunue pikipiki gani ya kwenda na kurudi kila siku? Vijiweni jibu ni moja tu: nunua wanayoendesha bodaboda, wao ndio wajuzi. Mimi silikubali. Jibu hilo linawaingiza watu barabara kuu na chombo kisichowafaa, kwa hiyo naomba nafasi nieleze kwa kirefu.

Mimi ni muuguzi. Nakaa Kibaha, Maili Moja, na kazi yangu iko katikati ya Dar es Salaam. Ni kilomita 40 hivi kwenda na 40 kurudi, karibu zote juu ya Barabara ya Morogoro, na zamu nyingine zinanirudisha usiku.

Bodaboda wanaijua kazi yao kuliko mtu yeyote, ila kazi yao si yangu. Kijana wa Mbezi Mwisho anapakia abiria na mizigo yake, anapanda kilima cha vumbi, anashusha, anasubiri kivulini, anapakia tena. Anachotaka ni nguvu ya kuondokea, kerieri imara na spea inayopatikana kila duka. Boxer ya Bajaj na HLX ya TVS, zote za India, zimeenea kwa sababu zinampa hayo kwa bei anayoiweza. Mtu wa Kibaha yuko peke yake juu ya kiti, hana mzigo zaidi ya begi, na anaendesha saa nzima bila kushuka, sehemu kubwa akiwa katika kasi. Kabla hajauliza bei, ajiulize: katika njia yangu, wapi ndipo ninapokwenda kwa kasi kuliko pengine pote, na hapo nitakuwa nimezungukwa na nani?

Kwangu ni kutoka Kiluvya mpaka Kimara. Barabara imepanuliwa kuwa njia nane, na magari yakipata nafasi Kibamba yanafunguka kweli. Humo mna mabasi ya mikoani na malori ya Zambia, Kongo na Rwanda yanayotoka na kuingia bandarini. Pikipiki ya cc 100 (cc ni kipimo cha ukubwa wa injini) ina nguvu farasi 8 hivi. Itafika kilomita 80 kwa saa, lakini ikifika hapo imemaliza: mkono wa mafuta uko mwisho na hakuna kilichobaki. Adui ni upepo. Kasi ikipanda kutoka 60 kwenda 80, msukumo wa upepo kifuani unakaribia kuwa mara mbili. Ukikuta kilima na basi liko nyuma yako, pikipiki inaanza kulegea na basi halina habari nawe. Ya cc 150 ina farasi 12 hivi, na hizo nne za ziada ndizo zinazokutoa ubavuni mwa lori kabla dereva wake hajaamua kuhama njia. Kwa hiyo kwa barabara kama yangu nasema cc 125 ndiyo ya chini kabisa, na 150 ndiyo inayostahili.

Najua nitaambiwa habari ya mafuta. Tupige hesabu. Ya cc 100 iliyotunzwa inakwenda kama kilomita 60 kwa lita, ya 150 kama 45. Kwa kilomita 80 za siku ni lita 1.3 kwa ile na 1.8 kwa hii. Tofauti ni nusu lita. Ni fedha, na mwisho wa mwezi utaiona. Lakini hizo 60 zinapatikana kwa mwendo wa taratibu; injini ndogo ikikamuliwa mpaka mwisho kila asubuhi inakunywa zaidi, inapata joto, na inakufa mapema. Ukijumlisha fundi, akiba uliyodhani unayo inayeyuka.

Dukani wauzaji hutaja cc kwanza, ila nawaomba wanunuzi waulize pia idadi ya gia. Pikipiki mbili za ukubwa mmoja zinaweza kutofautiana sana hapo. Yenye gia ya tano kwa kawaida inakwenda kasi ileile injini ikizunguka polepole zaidi, na mtetemo unapungua. Mtetemo si suala la starehe. Vidole vilivyokufa ganzi havibani breki sawasawa, na mimi nikifika kazini natakiwa kutafuta mshipa wa mtoto mchanga kwa sindano. Kama uliyonayo ina gia nne, fundi anaweza kukubadilishia sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni: ukitoka meno 14 kwenda 15, mizunguko ya injini kwa kasi ileile inapungua kwa asilimia 7 hivi. Kwa anayebeba gunia la mkaa hiyo ni hasara, maana inapunguza nguvu ya kuvuta. Kwa anayesafiri peke yake barabara ya lami ni nafuu kubwa kwa gharama ndogo.

Breki ndipo ningependa watu wawe wagumu kuliko penginepo. Kwa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde, na daladala likisimama ghafla mbele yako kuchukua abiria, sekunde moja ya kushtuka imeshakwenda kabla hujagusa chochote. Ukifunga breki, uzito mwingi unahamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Nataka iwe ya diski. Ya ngoma ikipata joto kwenye mteremko mrefu inalegea, na ikiingiwa na maji ya masika inachelewa kushika. India yenyewe, Aprili 2019, ilianza kudai pikipiki zote mpya zinazozidi cc 125 ziwe na mfumo unaozuia tairi kujifunga, na zile za cc 125 kushuka chini angalau breki zake zishike mbele na nyuma kwa pamoja. Sheria hiyo ni ya soko lao, haizibani wanazotuletea sisi. Muulize muuzaji bila aibu: hii ya mbele ni diski au ngoma? Kama zipo za aina mbili, ongeza fedha uchukue ya diski, hata ikibidi usubiri mwezi mmoja. Na ujizoeze kuitumia, kwa sababu nawaona wengi wanaoishi kwa breki ya mguu peke yake, wakiamini ya mbele, ile ya mkono, itawapindua.

Tairi nazo. Yenye tyubu ikichomwa na msumari upepo unaweza kutoka wote kwa mara moja, na ukiwa kwenye kasi pikipiki inakuyumbisha vibaya. Isiyo na tyubu mara nyingi huvuja polepole na kukupa muda wa kutoka pembeni. Aina hiyo huhitaji rimu za aloi, zile za spoku kwa kawaida hazishiki upepo bila tyubu, kwa hiyo amua wakati wa kununua.

Kaa juu yake kabla hujalipa. Nyayo zako ziguse chini vizuri, kwa sababu kwenye foleni ya Ubungo utasimama na kuondoka mpaka uchoke, na mwenye kimo kifupi kama mimi juu ya pikipiki ndefu ya porini anategemea ncha za vidole. Wanaotoka zamu ya jioni waiwashe taa ikiwa gizani, si mchana mbele ya duka. Lori likiharibika usiku, onyo lake mara nyingi ni matawi ya miti yaliyotupwa barabarani, na matawi hayang'ai. Taa hafifu inayaonyesha ukiwa umeshayafikia.

Umeme? Kigali na Nairobi zipo pikipiki za kubadilisha betri vituoni, na kwa mizunguko ya ndani ya mji ni jambo jema sana. Kwa njia ya kilomita 40 usinunue mpaka uwe na uhakika wa kupata betri au chaji pande zote mbili, nyumbani na kazini.

Matunzo ya msafiri wa kila siku yana kalenda yake. Kilomita 80 kwa siku za kazi 25 ni 2,000 kwa mwezi, kwa hiyo kubadilisha oili kila mwezi ni ratiba inayoshikika, na cheni iangaliwe na kupakwa mafuta kila wiki, mara moja zaidi mvua zikinyesha. Honda walipounda CG125 miaka ya 1970 waliacha kuweka kemshafti, chuma kinachozunguka na kufungua vali, juu ya injini, wakatumia fito za kusukuma vali, kwa sababu waliona katika nchi nyingi wenye pikipiki wanachelewa kubadilisha oili na injini zinaharibika. Injini nyingi tunazouziwa leo zina kemshafti juu na hazina uvumilivu huo. Usinunue kwa kusifiwa kwamba "hii haisumbui"; nunua ambayo oili yake sahihi na spea zake halisi zinapatikana karibu na nyumbani kwako.

Ukinunua iliyotumika, jua kwamba nyingi zimetoka kwenye bodaboda. Tazama meno ya sproketi ya nyuma kama yamepinda, shokapu kama zinavuja, fremu kama ina alama za kuchomelewa chini ya kiti. Iwashe, iache ipate moto, kisha uvute mafuta: moshi wa bluu maana yake injini inaunguza oili, na hapo rudisha ufunguo.

Leseni pia inaamua. Hapa Tanzania daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi cc 125. Ukipanda kwenda 150 unahitaji daraja A. Anayeshikilia A1 kwa sasa anaweza kuanza na cc 125 yenye gia tano na diski mbele, YBR125 ya Yamaha kwa mfano, akae upande wa kushoto, aache mabasi yampite, huku akishughulikia daraja la juu. Na katika fedha alizotenga atoe kwanza ya helmeti inayofunika uso wote, yenye kioo cheupe, kwa sababu kile cheusi kinachopendwa na vijana hakifai kabisa kwa anayepita Kibamba saa tatu usiku.