Presha ya Matairi Sakiti: Pima Tairi Likiwa Moto

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mombasa anayefanya kazi Dubai aliniandikia: "Kaka, nimelipia siku ya kuendesha Dubai Autodrome. Gari ni Civic, matairi ni yale yale ya kuendea kazini. Nijaze PSI ngapi?" PSI ndicho kipimo cha presha ya tairi, na nilimjibu siku ile ile kwamba hakuna namba moja. Akarudi: "Sawa kaka, lakini wewe unaweka ngapi?" Nimeona nimjibu hapa kwa kirefu, kwa sababu swali hili naulizwa kila mara, na karibu kila anayeuliza ana haraka ya kupewa namba aondoke nayo.

Wewe unayesoma hapa najua unachokitaka. Unataka kuingia sakiti, yaani njia ya mashindano kama hiyo ya Dubai Autodrome, na gari lako mwenyewe, lile lile linalopeleka watoto shule, uliendeshe mpaka mwisho wa uwezo wake mahali ambapo hakuna bodaboda wala mtembea kwa miguu, kisha urudi nalo nyumbani zima. Huna trela, huna seti ya pili ya rimu, huna fundi wa kukusubiri kando ya njia. Unayo matairi manne na unategemea hayo. Basi sikiliza.

Mimi naishi kusini mashariki mwa London na sakiti yangu ni Brands Hatch, kule Kent. Gari ni Subaru Impreza, matairi ni Michelin Pilot Sport 4, ya barabarani kabisa. Formula 1 ya Uingereza ilikuwa ikipigwa pale, kwa kupokezana na Silverstone, kuanzia 1964 hadi 1986, na bado ukifika asubuhi unauhisi ukubwa wa mahali. Siku za kawaida tunaendesha njia fupi inayoitwa Indy, kama kilomita 1.9 hivi. Ni fupi lakini haikupi nafasi ya kupumua. Kona ya kwanza, Paddock Hill, unaiingia huoni mwisho wake. Unakata kulia na ardhi inaporomoka chini yako, uzito wote wa gari unalalia tairi la mbele kushoto. Hujakaa sawa unapanda Druids, kulia tena, tena kona kali. Zinakuja mbili za kushoto, Graham Hill na Surtees, halafu unarudi kulia kwa mviringo mrefu wa Clark hadi mbele ya majukwaa. Ukijumlisha, upande wa kushoto wa gari ndio unaolipa gharama ya kila raundi. Na Subaru injini yake imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo pua ni nzito. Tairi langu la mbele kushoto halina mapumziko.

Siku moja nilipeleka gari kufungwa matairi mapya, nikamwambia fundi kwamba kesho yake naingia sakiti. Alinijazia 40 yote manne bila kuniuliza. Asubuhi nilipofika padoki, pale magari yanapoegeshwa kando ya njia, nilitoa geji yangu ya kupimia presha mfukoni, nikapima, nikaikuta hiyo 40. Nikaitoa palepale kabla ya kuvaa kofia. Jambo hili linanikera mpaka leo. Mtu asiye na geji yake, anayemwamini fundi kwa kuwa ni fundi, angeshuka Paddock Hill na matairi magumu kama mbao, gari limkatae kukata kona, na jioni aambiwe hajui kuendesha.

Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi haina pa kwenda. Ikipata joto, presha hupanda, takriban PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Barabarani joto hilo ni dogo hulioni. Sakiti, raundi chache tu za breki kali na kona, hewa ya ndani inafika nyuzi 50, 60, hata 70. Asubuhi ya baridi ya nyuzi 10, tairi lililojazwa 28 litarudi padoki likisoma 35. Lililojazwa 40 litakaribia 50. Kwa 50 tairi linavimba katikati, mabega, yaani kingo zake za pembeni, hayashiki lami, na kipande cha mpira kinachogusa chini kinazidi kuwa kidogo hapo hapo unapokihitaji zaidi.

Ndiyo maana namba ya asubuhi si jibu. Jibu ni namba unayoisoma ukitoka njiani, tairi likiwa moto.

Asubuhi ile baada ya kutoa 40 ya fundi nilianza na 28 kote. Raundi mbili za mwanzo nilikwenda taratibu, maana tairi baridi lenye upepo mdogo halitaki papara, kisha nikaliachia gari raundi nne au tano za nguvu. Nikamalizia moja ya kupoza breki, nikaingia padoki moja kwa moja bila kusalimiana na mtu. Handibreki sikuivuta, kwa sababu diski zikiwa na moto ule hazipendi kubanwa zikiwa zimesimama. Gari liko kwenye gia, basi. Nikapiga goti upande wa kushoto mbele. Geji ikasoma 37. Kulia mbele, 34. Nyuma, 33 kushoto na 32 kulia. Tazama hizo namba vizuri: matairi manne yaliyojazwa sawa, yameendeshwa raundi zile zile, na mawili ya mbele yamepishana PSI 3. Nikabonyeza kitufe cha geji, hewa ikatoka ya moto inanuka mpira, mpaka kushoto mbele ikasoma 34 kama mwenzake. Ya nyuma sikuyagusa.

Kisha nikaangalia bega la tairi. Matairi mengi yana alama ndogo ukingoni, pembetatu au kikatuni, inayoonyesha penye kipimo cha kuisha. Nami huchora mstari wa chaki kutoka kwenye alama hiyo hadi ubavuni kabla ya kuingia. Ukirudi unaona chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika ikavuka alama na kuingia ubavuni, tairi linajilaza, presha ni ndogo. Ikibaki nzima juu ya bega, tairi limesimama mno, presha ni kubwa. Ikiishia kwenye alama, acha ilivyo. Chaki haina gharama na haidanganyi.

Nikiwa bado nimepiga goti, jamaa mmoja mwenye gari la mashindano, matairi yake laini yasiyo na mchirizi hata mmoja, alipita akayatazama ya kwangu. Akasema hayo ni matairi ya kwendea dukani. Alisema akicheka, na wenzake wakacheka. Sikumjibu. Nimeshakaa ugenini miaka ya kutosha kujua kicheko cha aina hiyo kinatoka wapi, na sitasema hakikuniuma, kiliniuma. Lakini nilirudi ndani na 34 yangu, na Paddock Hill ile ambayo raundi za kwanza pua ilikuwa ikitaka kuchomoka nje, sasa gari lilikuwa linakata pale ninapolielekeza. Nilihisi kwenye usukani. Kuna uzito fulani unaurudia mkono tairi likishika, ukishaujua hutausahau. Mpaka mchana, wakati vijana wengine wenye matairi kama yangu walikuwa wanalalamika kwamba yamekuwa kama yamepakwa grisi, mimi nilikuwa bado naendesha. Jioni mpira wa tairi la kushoto ulikuwa umelika sawasawa kutoka ndani hadi nje. Nilipiga picha. Ninayo.

Na hapo kwenye grisi mnielewe. Tairi la barabarani limetengenezwa lishike likiwa na joto la wastani, hata asubuhi ya mvua. Ukilipa joto la mashindano kwa dakika ishirini mfululizo mpira wa juu unalainika na kuanza kuteleza, na vitofali vyake, vile vipande vya mpira kati ya michirizi, vinayumba na hata kumeguka, hasa tairi likiwa jipya kabisa na michirizi yake ni mirefu. Tairi lililotumika nusu, bado zima, linavumilia sakiti kuliko jipya. Ukisikia sauti imebadilika kutoka mlio mwembamba kuwa mngurumo mzito, punguza, poza raundi moja, ingia, upime. Wengi hawaingii. Wamelipia siku na wanataka kuila yote. Nawaambia wazi: dakika tano za kupima zinakurudishia saa nzima ya kuendesha vizuri.

Sasa ndugu yangu wa Dubai. Mimi nimeanza na 28 kwa sababu asubuhi ya Kent ni nyuzi 10. Kwako hata jioni unaweza kukuta nyuzi 35. Hewa yako imeshapata moto kabla hujawasha gari, kwa hiyo itapanda kidogo kuliko yangu. Ukianza na 28 katika nyuzi 35 na tairi likafika nyuzi 65, utasoma kama 32 tu. Kuipata 34 inabidi uanze karibu 30. Unaona? Ungechukua namba yangu ungekuwa umepungukiwa, na tairi lililopungukiwa linajikunja ubavuni, linajitengenezea joto lake lenyewe na kuharibika haraka. Anza na 30, rudi upime, lenga 34 kote mbele, na usiteremke chini ya 32 ikiwa moto mpaka umelijua gari lako.

Civic inavutwa na magurudumu ya mbele. Matairi hayo mawili yanavuta, yanakata kona na yanabeba breki nyingi. Ya nyuma yanafuata tu na yatarudi hayana moto mwingi. Utasikia watu wakikushauri uyajaze ya nyuma kupita kiasi ili mkia uzunguke kwa wepesi. Kwa siku ya kwanza usiwasikilize. Mkia ukizunguka kwenye kona ya kasi hutapata muda wa kukumbuka nani alikushauri. Na ukija siku moja kuendesha Yas Marina kule Abu Dhabi, kumbuka ile inazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo matairi ya kulia ndiyo yatakayorudi na presha kubwa.

Angalia jua pia. Gari likisimama padoki, upande unaopigwa na jua unapanda PSI moja au zaidi bila gari kusogea. Ukipima asubuhi, pima gari likiwa kivulini au kabla jua halijachomoza vizuri, la sivyo unaanza na uongo. Na pima kwa geji ile ile siku nzima. Geji ya petroli stesheni imeangushwa chini na kila mtu, yako unaijua. Nunua yenye kitufe cha kutoa upepo kidogo kidogo, na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Hivyo viwili kwangu vinatangulia rimu za kuvutia na kila kitu kingine mnachotumia pesa.

Mvua ikinyesha sheria inageuka. Matairi hayapati moto, presha haipandi, na unataka michirizi ibaki wazi isukume maji. Hapo mimi naanza karibu na namba ya mtengenezaji wa gari iliyo kwenye kibandiko cha mlangoni, na bado napima nikirudi. Kuhusu naitrojeni, hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Faida ya ile ya kulipia ni kwamba ni kavu, haina unyevu wa kupandisha presha ovyo. Kwa tairi la barabarani na mtu anayepima kila akitoka, sioni sababu ya kuilipia.

Jambo la mwisho ni safari ya kurudi, na hapa nawasema watu wazima ninaowaona kila mara wakifunga mizigo na kuondoka. Lile tairi langu la kushoto mbele nililolitoa upepo likiwa moto hadi 34, asubuhi iliyofuata likipoa lingesoma 25 na nusu. Hiyo ni presha ya hatari kwenye barabara kuu, gari limejaa familia na kasi ni ile ile kwa saa nzima. Kabla sijatoka getini naandika namba za moto kwenye daftari, pamoja na hali ya hewa na upande gani ulipanda zaidi, kisha naunganisha kompresa. Matairi bado yana moto, kwa hiyo nayapandisha PSI tatu au nne juu ya kibandiko, na asubuhi yakishapoa nayarekebisha vizuri. Nazunguka pia na tochi nikitazama mabega na upande wa ndani usioonekana ukiwa umesimama. Uingereza sheria inadai michirizi isipungue milimita 1.6 katika robo tatu za katikati ya tairi, lakini bega likianza kuonyesha nyuzi za ndani mimi siliendeshi hata kama katikati ni pazuri. Napiga simu gari lije kubebwa.