Saratani ya umio Kenya: pengo la utafiti liko wapi?

SWALI: Daktari, nasomea shahada ya uzamili ya upasuaji hapa Kenya na natafuta mada kuhusu saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni). Tafiti za chai moto na pombe ni nyingi, lakini za matibabu ni haba. Nifanye utafiti gani kwa miezi 12, bila ufadhili mkubwa, nisirudie kazi ya wengine?

JIBU: Umeona sawasawa. Upande wa visababishi umechimbwa. Utafiti wa ESCCAPE uliofanyika Eldoret kati ya 2013 na 2018 ulilinganisha wagonjwa zaidi ya 400 na watu wasiougua wa idadi kama hiyo, ukakuta hatari kubwa zaidi kwa wanaokunywa vinywaji vya moto sana, na pia kwa wanywaji wa chang'aa na busaa. Uvimbe wa Wakenya uliingia vilevile katika uchunguzi wa jenomu (ramani nzima ya vinasaba vya uvimbe) 552 kutoka nchi nane, uliochapishwa 2021. Haukupata alama ya kemikali moja inayoeleza kwa nini ugonjwa huu umekithiri baadhi ya nchi. Dodoso jingine la chai halitaongeza kitu, labda ukipima joto kwa kipimajoto (kiwango cha kutilia shaka ni zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi). Tena mtu ambaye umio umeshaziba atakueleza mazoea ya leo, si ya kabla ya kuugua.

Hospitali ya Tenwek, Bomet, ndiyo iliyotangulia katika mambo mawili. La kwanza ni kuweka, bila mashine ya eksirei, stenti za chuma zinazojipanua (mirija ya wavu inayoacha umio wazi ili mgonjwa ameze), kazi iliyohusisha wagonjwa zaidi ya 900. La pili ni kupaka iodini ya Lugol (rangi inayoonyesha sehemu zisizo za kawaida umio unapotazamwa kwa kamera) kwenye umio wa watu wasio na dalili: takriban asilimia 14 walikuwa na mabadiliko ya kabla ya saratani, wengi wao ya daraja la chini. Ukitaka kurudia hilo kwingine, kwa kiwango cha asilimia 14 na kosa la asilimia 5 juu au chini unahitaji watu 185, nao wote wapitie kamera. Kwa mwanafunzi peke yake ni mzigo.

Pengo hasa ni majaribio ya tiba, na sababu ni hali ya mgonjwa anapofika. Chukua itifaki ya CROSS kutoka Uholanzi, ambayo wengi wetu huinukuu: dawa za saratani paclitaxel na carboplatin kila wiki kwa wiki tano, pamoja na mionzi ya Gy 41.4 (Gy ni kipimo cha mionzi) kwa vipindi 23, kisha upasuaji. Aliyepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito hakuruhusiwa kuingia. Na ni takriban robo tu waliokuwa na saratani ya seli bapa (inayoanzia kwenye utando wa ndani wa umio), ambayo ndiyo karibu yote tunayoiona hapa. Seli bapa ziliitikia vizuri zaidi, kwa hiyo itifaki yenyewe inafaa. Mgonjwa wetu, anayefika amekonda na umio umeziba, ndiye asiyefikia masharti yake.

Mgonjwa wa namna hiyo huwekewa stenti tu, kwa hiyo nakushauri ufuatilie matokeo baada ya stenti. Andikisha wagonjwa kwa miezi sita, na kila mmoja umfuatilie kwa miezi sita. Pima kumeza kwa alama 0 hadi 4: 0 anakula chochote, 1 baadhi ya vigumu, 2 vyakula laini tu, 3 vinywaji tu, 4 hata mate hayapiti. Pima kabla ya stenti, wiki ya pili, kisha mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, pamoja na uzito kwa mizani ileile. Eleza mapema utakachokiita tatizo: stenti kuteleza, uvimbe kuziba tena, chakula kukwama, kuvuja damu, umio kutoboka. Usipofanya hivyo, kila daktari wa zamu ataandika lake.

Data hizi huharibikia kwa wagonjwa wanaopotea, wasirudi wala kupatikana. Chukua namba mbili za simu, moja ya jamaa anayeishi na mgonjwa. Usiyempata usimchukulie kuwa hai hadi siku ya mwisho ya utafiti: wengi wao wamefariki. Fanya uchambuzi mara mbili, mara ya pili ukiwahesabu wote waliopotea kuwa wamekufa tarehe uliyowakosa. Majibu mawili yakitofautiana sana, liseme hilo wazi kwenye tasnifu.

Vibali vina mpangilio wake: kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi), kisha leseni ya NACOSTI yenyewe, kisha ruhusa ya hospitali. Bodi ya Dawa na Sumu inaingia ukijaribu dawa au kifaa kipya. Kufuatilia huduma ya kawaida hakuhitaji. Anza mapema, maana ile miezi 12 haihesabu muda wa kusubiri.

Jambo dogo ambalo wengi hulipuuza ni vipande vya uvimbe. Chukua sita hadi vinane kutoka ukingoni, si katikati kwenye tishu iliyokufa, uvitie mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, na maabara ivishughulikie ndani ya siku tatu. Vikikaa muda mrefu zaidi, vipimo vya protini vitakavyohitajika baadaye kwa tiba zinazoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani huanza kudanganya.