Muulize Fundi wa Gemu: kabla hujatuma hela ya stiki, sema kwanza una mashine gani

Meseji za kusini mwezi huu zimekuja na kitu kimoja, stiki ya akedi. Kwa ambaye hajaiona, ni lile boksi pana unaloliweka mapajani, kushoto lina joistiki yenye kichwa cha duara, kulia batani kubwa za kupiga na kiganja kizima, kama zile mashine za gemu za kutumbukiza sarafu huko Japani. Nimechukua maswali manne, wengine tulieni zamu yenu inakuja.

Fundi mambo vipi, mi niko Chuno hapa Mtwara mjini. Nna PS4, hela ya korosho ikitoka nataka nihamie PS5. Nacheza Tekken tu sina habari na gemu zingine. Kuna jamaa yuko Dar ana stiki ya mtumba ya kampuni ya Hori, anasema ni ya PS3 lakini inakubali zote mpaka PS5, nitume hela aipakie kwenye basi. Nichukue? — Mzee wa Tekken, Chuno

Poa kaka. Hela usitume kwanza.

Huyo jamaa sio lazima awe tapeli, inawezekana hata yeye hajui. Ukiichomeka kwenye PS4 itaingia vizuri tu maana USB ni USB, taa inaweza hata ikawaka, ila kuanzia PS4 Sony waliweka mambo ya leseni, yaani mashine inakiuliza kifaa kitambulisho, na kisipokuwa nacho ama kinakataliwa palepale ama unacheza kama dakika 8 kinakatwa, na we uko raundi ya mwisho umebakiza kidogo ushinde. Stiki ya PS3 hiyo leseni haina. Kuna vibadilishi vya kampuni inaitwa Brook, kidude kidogo unakichomeka katikati ya stiki na mashine kinaidanganya mashine kwamba hii ni pedi halali, na vinafanya kazi kweli, lakini sasa piga hesabu: stiki, kibadilishi, nauli ya mzigo, na kila Sony wakibadilisha programu ya mashine utatafuta kompyuta ya kukiapdeti hicho kibadilishi. Ukijumlisha unaweza kukuta umekaribia bei ya stiki yenye leseni yake mwenyewe.

Kwa kuwa umeshasema unaenda PS5, angalia boksi limeandikwa nini. Stiki yenye leseni ya PS4 ukiichomeka kwenye PS5 itacheza gemu za PS4, hapo Tekken 7 yako iko salama. Kwenye gemu za PS5 zenyewe inategemea waliotengeneza gemu wameruhusu au la. Bahati yako Tekken 8 ya 2024 wameruhusu, na Street Fighter 6 ya 2023 pia. Ukitaka usiwaze kabisa chukua ambayo imeandikwa PS5, mfano Hori Fighting Stick Alpha, ina swichi ya kuchagua PS5, PS4 au kompyuta. Ila ilipotoka ilikuwa dola 200 hivi huko Marekani, ndo maana nasema subiri korosho kweli. Mfuko ukiwa mdogo kuna Mayflash F300, hii ina ujanja wake, unachomeka pedi yako orijino ya PS4 kwenye tundu lake la USB halafu inatumia kitambulisho cha ile pedi. Vitu vya ndani vya F300 ni vya kawaida sana lakini vinang'oleka, kesho na keshokutwa unaweka Sanwa. Kwa gemu za PS5 tu usiitegemee.

Na hapo kwenye Sanwa ndo penyewe, watu wanatazama picha za Jin na Kazuya, wapiganaji wa Tekken, juu ya boksi wakati kinachochezwa ni joistiki na batani. Sanwa ni Wajapani, joistiki yao ya JLF na batani za OBSF-30 ndo unazikuta kwenye stiki nyingi za maana. JLF chini yake ina fremu ya plastiki ya mraba, kwa hiyo kona zote nne ni mshazari, unasukuma mpaka kwenye kona unajua umefika. Wachezaji wa Tekken wa Korea wao wanapenda joistiki zao za kwao, zina mpira unaoirudisha katikati kwa nguvu badala ya springi, hakuna kona, na ile mbio ya kurudi nyuma inatoka laini. Kwa anayeanza mi nasema JLF inatosha kabisa, mkono ukishazoea utajua wenyewe unataka nini.

Ukiamua mtumba, hata kama sio huyu jamaa, mwambie akupigie video. Ageuze boksi, afungue skrubu za chini, akuoneshe ndani. Tazama vile vibati vya batani panapochomekwa waya, kama vina ukijani ujue imekaa sehemu ya chumvi au ilimwagiwa soda. Halafu azungushe joistiki taratibu sikio likiwa karibu na simu: kushoto, kulia, juu, chini kila upande unatoa "tik" moja, na mshazari lazima usikie mbili. Upande ukiwa bubu swichi imekufa. Mwisho aingie kwenye mazoezi ndani ya gemu agonge batani moja moja, akigonga mara moja zikatoka ngumi mbili hiyo batani imechoka. Hilo halikuzuii kununua, linakupunguzia bei tu, maana batani ya Sanwa unaibinya masikio yake mawili kwa chini inachomoka, unahamisha waya mbili, unapachika nyingine, hata pasi ya kuchomelea huhitaji.

Shikamoo fundi. Nina banda la gemu hapa Masasi jirani na stendi, PS2 tatu. Watoto wanaua pedi balaa. Nikiweka stiki si ndo zitadumu? Wateja wengi wanapiga mpira. — Mwenye Banda

Marahaba bosi. Kwa mpira hapana, usijaribu, watakukimbia waende banda la jirani. Stiki ya kawaida haina zile analogi mbili, vile vijoistiki vya dole gumba kwenye pedi, ina joistiki moja ambayo ni swichi tu, ama imewashwa ama imezimwa, hakuna kutembea polepole. Zingine zina kidude cha kuifanya isomeke kama analogi ya kushoto lakini bado inasoma mwisho wa mwendo tu.

Halafu PS2 ina tundu lake la pedi, yale matundu ya USB ya mbele gemu hazisomi stiki kwenye hayo, kwa hiyo ungehitaji stiki ya PS2 yenyewe au kibadilishi. Kama kuna vijana wa Tekken 5 wanaokuja kila siku, wawekee mashine moja tu. Fundi wa redio hapo Masasi anaweza kuchukua bodi ya pedi ya zamani ya PS1, ile isiyo na analogi, akachomelea waya kwenda kwenye batani za stiki, na PS2 inaisoma kwa gemu nyingi za kupigana. Asitumie pedi ya PS2, batani zake zinapima nguvu ya kidole na bodi yake inasumbua kuchomelea.

Kaka habari, mimi ni seremala Lindi mjini, mdogo wangu anataka stiki ya kuchezea kwenye kompyuta na mashine ya Nintendo Switch, nimeangalia picha nikaona mbona ni boksi tu hili. Mninga ninao. Ndani tuweke nini? — Seremala, Rahaleo

Hili swali nimelipenda. We una nusu ya kazi mkononi tayari, wengi wanakwama kwenye boksi.

Kwanza bodi, maana ndo inaongea na mashine. Kuna kit za bei chee za Kichina zinaitwa Zero Delay, unapata bodi, joistiki na batani zote kwa pamoja. Jina linasema haina kuchelewa, jina tu hilo. Kwa kompyuta zinafanya kazi na kwa kujifunza sio mbaya, ila mtu anayecheza gemu za kupigana anahesabu fremu, yaani picha moja moja zinazopita kwenye skrini, gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 16.7, bodi ikila moja au mbili kinga inachelewa unapigwa. Mi ningekwambia agizeni Raspberry Pi Pico. Ilitoka 2021 kwa dola 4, kabodi kadogo kuliko kiberiti, unaweka programu ya bure inaitwa GP2040-CE na inakuwa bodi ya stiki ya haraka kweli. Kompyuta, Switch na PS3 inaingia bila maneno. PS4 itakusumbua na ile ishu ya dakika 8 niliyomwambia mwenzio wa Chuno, lakini nyie hamuihitaji.

Sasa mbao. Batani za Sanwa ziko za aina mbili na hapa ndo maseremala wanaharibu kazi. OBSF ni za kupachika, zinataka bati au plastiki nyembamba ya milimita 2 mpaka 3, ukizipachika kwenye mninga wa sentimita nzima masikio yake hayafiki chini, zinacheza na siku moja inachomoka na kidole. OBSN zina nati ya kukaza kwa chini, hizo zinavumilia ubao mnene zaidi. Kwa hiyo ama ununue OBSN, ama ufanye fremu ya mninga halafu juu uweke kipande cha akriliki au alumini, na kwa macho yangu hii ya pili inapendeza zaidi. Tundu la batani ni milimita 30, za start na select ni 24, na la joistiki 24 linatosha, vumbi linazuiwa na kile kisahani cheusi cha joistiki. Usitoboe kwa kukisia, chora kwanza kwenye boksi la karatasi, mdogo wako aweke mikono yote miwili, asogeze mpaka kifundo kisijipinde, ndo uhamishie kwenye ubao. Kina cha ndani usishuke chini ya sentimita 5 maana JLF ina mguu mrefu.

Waya za JLF ni soketi moja ya pini 5, nne za pande na moja ya ardhi. Batani kila moja waya mbili, wa ardhi unaruka kutoka batani hadi batani. Na kwa kuwa uko Lindi na upepo wa bahari mnaujua, tumia skrubu zisizoshika kutu, na mninga upige vanishi ndani na nje, watu wanapaka nje tu ndani unavuta unyevu unavimba.

Fundi, kijana wangu amenunua hiyo stiki mnayoisifia, usiku mzima nyumba inasikika tak tak tak tunashindwa kulala. Kuna dawa? — Mama wa Mikindani

Shikamoo mama, pole sana. Dawa ipo. Sanwa wanatengeneza batani za kimya, zinaitwa OBSFS-30, ndani zina sponji, na joistiki ya kimya pia wanayo. Kama stiki ya kijana inapokea vitu vya Sanwa, abadilishe batani kwanza maana ndo zinazopiga kelele zaidi, na ahesabu zake kabla hajaagiza, mara nyingi ni nane za milimita 30, zile ndogo za start aziache. Huku akisubiri mzigo, ndani ya boksi ajaze sponji la godoro lililokatwa, lisiguse tu joistiki wala waya, sauti inapungua. Na mafuta ya nazi asipake kwenye joistiki kama wanavyodanganyana, yanashika vumbi mpaka inaganda, atafute grisi ya silikoni kidogo sana.